Ubongo Ndani ya Sumaku (2): Nani Huamua Kelele ni Ipi?

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi mashine ya MRI inavyotuonyesha ubongo ukifanya kazi bila fuvu kupasuliwa. Kwa msomaji anayeungana nasi leo: damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa oksijeni hazifanani mbele ya sumaku. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi huletewa damu mpya kwa wingi, na mashine hunasa tofauti hiyo. Seiji Ogawa na wenzake waliieleza kwa majaribio ya wanyama mwaka 1990, na kufikia 1992 ilikuwa imeshapimwa kwa binadamu. Leo tunaingia kwenye kazi inayowachosha watafiti kuliko upimaji wenyewe, nayo ni kusafisha kilichopimwa.

Mabadiliko yanayotafutwa ni madogo, mara nyingi hayafiki asilimia mbili ya nguvu ya mawimbi yanayopokelewa. Wakati huohuo mtu aliyelala ndani ya mashine anapumua, anameza mate, anasogeza kichwa, na moyo wake unapiga. Kila kimoja huacha alama, na alama hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko ile ya kazi ya ubongo. Moyo una hila ya ziada. Hupiga takriban mara moja kwa sekunde, ilhali mashine nyingi huchukua kama sekunde mbili kukamilisha picha moja ya ubongo mzima. Mapigo yanayokwenda kasi kuliko picha hayapotei: hujitokeza kwenye data yakiwa na sura ya wimbi la polepole, sawa na lile la damu tunalolitafuta. Ukichuja mawimbi ya kasi peke yake, hutayapata.

Lakini kilicholeta mtikisiko ni kichwa. Mwaka 2012 makundi matatu ya watafiti nchini Marekani, kila moja kivyake, yalionyesha kwamba misogeo midogo mno, ya chini ya milimita moja, hupotosha vipimo vya jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana. Msogeo hufanya sehemu zilizo jirani zionekane zinawasiliana zaidi kuliko ilivyo kweli, na zilizo mbali zionekane zinawasiliana kidogo. Watoto hutikisika kuliko watu wazima. Na kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, tafiti zilikuwa zimeeleza kwamba ubongo wa mtoto huwa na mawasiliano ya karibu zaidi, kisha yale ya mbali huimarika kadiri anavyokua. Sehemu ya matokeo hayo ilikuwa ni vichwa kutotulia. Jonathan Power, aliyeongoza kundi mojawapo la 2012, alikuwa miongoni mwa waandishi wa utafiti wa aina hiyo uliotoka mwaka 2009. Kujisahihisha hadharani namna hiyo kunastahili heshima.

Tangu hapo dawa zimekuwa nyingi. Wapo wanaotupa picha zote zilizopigwa wakati kichwa kikisogea. Wapo wanaopima mabadiliko kwenye ugiligili unaouzunguka ubongo, mahali pasipo na fikra yoyote, kisha wanayaondoa mabadiliko hayo kwingineko. Wapo wanaoondoa wastani wa ubongo mzima, na hao wamebishaniwa sana, kwa sababu hesabu hiyo huweza kuzua uhusiano hasi ambao haukuwapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulizishindanisha njia 14 za usafishaji, na hakuna iliyoshinda kwa kila kipimo.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Anayesafisha data ya ubongo anaamua pumba ni ipi na mchele ni upi, na uamuzi huo hubadilisha atakachokiona mwishoni. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya jaribio ambalo makundi 70 yalipewa data ileile na kuulizwa maswali yaleyale tisa. Hakuna makundi mawili yaliyopita njia moja, na kwa baadhi ya maswali majibu yalitofautiana sana. Kwa hiyo programu ya kusafisha isiyoonyesha ndani yake haifai kwa sayansi, hata iwe nzuri namna gani.

Mfano ninaoupenda wa programu inayoonyesha ndani yake ni tedana, programu huria iliyojengwa juu ya kazi ya Prantik Kundu na wenzake ya mwaka 2012. Badala ya kusoma mawimbi mara moja kila picha, mashine huyasoma mara tatu au zaidi, kama mwangwi unaosikilizwa mapema, kisha baadaye, kisha baadaye zaidi, yote ndani ya makumi ya milisekunde. Fizikia inasema kwamba badiliko linalotokana na oksijeni ya damu huongezeka kadiri mwangwi unavyochelewa, ilhali badiliko linalotokana na msogeo, kwa asilimia, hubaki karibu palepale. Programu huigawa data katika vijenzi vingi, hukipima kila kimoja kwa kanuni hiyo, kisha huandika kwenye jedwali kwa nini kimekubaliwa au kimekataliwa. Mtafiti anaweza kusoma jedwali hilo na kupinga. Ina mpaka wake pia: pumzi hubadilisha kabonidioksidi mwilini, nayo hubadilisha mtiririko wa damu kichwani. Kwa kuwa hayo ni mabadiliko ya kweli ya damu, hufaulu mtihani, na lazima yaondolewe kwa njia nyingine.

Nyingine ni fMRIPrep, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford na kuelezwa kwenye jarida la Nature Methods mwaka 2019. Hii huandaa data, hutoa ripoti ya picha kwa kila mtu aliyepimwa, na jedwali la misogeo, ugiligili na vyanzo vingine vya kelele. Haiziondoi kelele hizo. Inamwachia mtafiti achague na aeleze alichochagua, na naona huo ni uamuzi wa busara.

Uwazi hauzuii makosa, ila huyafanya yaonekane. Kwenye AFNI, programu huria ya siku nyingi, hitilafu moja ilikaa miaka 15 katika sehemu inayokadiria uwezekano wa matokeo kutokea kwa bahati tu. Kundi la Anders Eklund wa Sweden liliigundua, na ikarekebishwa mwaka 2015.

Programu hizi hupakuliwa bila malipo, na kwenye hazina ya OpenNeuro kuna data za picha za ubongo zisizo na jina la mtu, zinazoruhusiwa kutumiwa na yeyote. Wahadhiri wa hisabati, fizikia na kompyuta wa vyuo vyetu, wapeni wanafunzi kazi hii muhula ujao. Haihitaji mashine ya MRI. Inahitaji kompyuta nzuri, intaneti na mwalimu aliye tayari kukaa nao wakisoma msimbo mstari kwa mstari.