Kutengwa, Kujitenga na Kutengewa: Lugha ya Usalama wa Maabara na Gharama Anayoibeba Mtafiti

Makala haya yanafafanua namna minyambuliko ya kitenzi *tenga* inavyogawa wajibu baina ya taasisi na mtafiti anayeshughulika na mambo ya hatari. Hoja kuu ni kwamba mwongozo usiobainisha anayetenga na anayetengwa humtwisha mtafiti na jamaa zake gharama isiyoandikwa popote.

Utengaji una shabaha tatu. Ya kwanza ni kulinda siri. Kuanzia mwaka 1943, wanasayansi waliounda bomu la atomiki waliishi Los Alamos, New Mexico, wengi wakiwa na familia zao. Barua zao zilikaguliwa, anwani yao ikawa Sanduku la Posta 1663, Santa Fe, na wake wengi hawakujua kazi ya waume zao. Hata hivyo, utengaji huo haukuwakinga na kazi yenyewe. Tarehe 21 Mei 1946, Louis Slotin alipigwa na mionzi mikali katika jaribio la plutoniamu, akafariki siku tisa baadaye.

Shabaha ya pili ni kuzuia kimelea kisitoke. Mwaka 1978, Janet Parker, mpigapicha wa kitabibu katika Chuo Kikuu cha Birmingham, aliambukizwa ndui. Alifanya kazi ghorofa ya juu ya maabara iliyotafiti virusi hivyo. Alifariki tarehe 11 Septemba. Leo virusi vya ndui huhifadhiwa rasmi katika maabara mbili tu, Atlanta na Koltsovo.

Shabaha ya tatu ni kumweka kando aliyekaribiana na maradhi. Kwa Ebola, muda huo ni siku 21. Katika kisa cha Birmingham, Profesa Henry Bedson, mkuu wa maabara hiyo, alijitoa uhai akiwa karantini nyumbani kwake. Ni dhahiri kwamba karantini yaweza kuwalinda walio nje bila kumhifadhi aliye ndani.

Kiisimu, sentensi "mtafiti atatengwa" humficha mtenda. Aidha, *kutengwa* hubeba maana ya adhabu, kama mtu anapotengwa na ukoo au kanisa. "Mtafiti atajitenga" humhamishia yeye mzigo wote: chakula, malezi ya watoto, hata mshahara uliokatwa. Kauli ya kutendea ndiyo inayofaa zaidi: "taasisi itamtengea mtafiti chumba, ujira, mawasiliano na familia, na mshauri nasaha." Hapa mtenda yu wazi, na anaweza kudaiwa.

Inapendekezwa kwamba watunga sera watumie *karantini* kwa hatua yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, na kila kifungu kinachomtenga mtafiti kifuatwe na kifungu kinachotaja alichotengewa. Mtafiti asomeshwe vifungu vyote viwili, kwa lugha anayoimudu, kabla ya kutia saini. Kujitolea bila kujua gharama si ridhaa.