Je, Wajua? Kachumbari Kwanza, Pilau Baadaye

Je, wajua kwamba mpangilio wa kula hubadilisha sukari ya damu? Siku ya Idi au Krismasi, mwenye kisukari akianza na kachumbari, mchicha na kipande cha nyama, kisha ndipo aguse pilau, sukari hupanda polepole kuliko akianza na wali. Nyuzinyuzi na protini huchelewesha chakula kutoka tumboni. Hatari kubwa zaidi, kwa kweli, imo kwenye chupa: soda ya kola ya mililita 300 hubeba takriban vijiko 8 vya chai vya sukari, nayo huingia kwenye damu upesi. Anayetumia insulini naye asishinde njaa akingojea karamu. Sukari yaweza kushuka ghafla. Wenyeji, tafadhali msimlazimishe mgonjwa kuongeza sahani, na maji yawepo mezani.