Nasionale 5: bei ya samaki inapangwa njiani

Bamama wanaouza chisense Lubumbashi wanajua jambo hili bila kufundishwa na injinia: bei ya samaki haipangwi ziwani Mweru. Inapangwa njiani, kati ya Kilwa na Kasomeno.

Barabara za taifa katika Kongo zina namba. Nasionale 1 inatoka Banana baharini, inapita Kinshasa na Lubumbashi, inaishia mpakani Kasumbalesa. Yetu sisi watu wa Mweru ni Nasionale 5, inayotoka Lubumbashi kwenda Pweto, Kalemie na Uvira. Tangu 1971 Office des Routes ndiyo inayotunza barabara hizi. Imepewa zaidi ya kilomita 58,000, na sehemu ndogo tu ndiyo yenye gudron.

Wazee wetu hawakupanga vijiji kwa mstari kando ya njia kwa kupenda. Wakati wa Wabelgiji serikali iliwaamuru wahame, ili kodi ikusanywe kwa urahisi na watu wa kutengeneza barabara wapatikane karibu. Barabara ilisogea karibu na nyumba, na mashamba ya wengi yakabaki mbali. Mama ndiye aliyezitembea hizo kilomita, na mtoto mgongoni.

Tuje siku zetu. Katika mapatano ya Sicomines ya 2008, Wachina walitengeneza Lubumbashi hadi Kasomeno, kilomita 137. Hapo safari ikawa ya saa chache. Lakini kutoka mjini hadi Kilwa ni kama kilomita 350, na mbele ya Kasomeno kuna udongo mwekundu.

Udongo huo si mbaya ukiwa mkavu. Mvua ikinyesha, kamio moja lenye mzigo mzito likipita, linaacha mifereji miwili. Maji yanalala humo, la pili linachimba zaidi, la tatu linakwama. Nyuma yake wanakwama wote: mama mwenye magunia ya samaki yanayoanza kuota ukungu, na mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitali kubwa kwa pikipiki.

Ndiyo sababu ya bariyeri ya mvua. Mti unashushwa, magari mazito yanangoja saa kadhaa mpaka ardhi ikauke. Wauzaji wengi tunaichukia, na mimi naelewa, kwa sababu samaki hawangoji. Hata hivyo naona tunakosea adui. Anayetuharibia si anayeshusha mti, ni anayeuinua usiku kwa kupewa kitu kidogo. Kamio hilo moja linaweza kutufungia njia wiki nzima.

Na hela za matengenezo? Tunazitoa sisi. FONER, mfuko ulioanzishwa 2008, unalishwa na ushuru wa mafuta ya gari na peaji. Dereva anaziingiza katika bei ya nafasi yako na ya gunia lako. Kwa hiyo chama cha bamama kikiuliza hela zimefanya nini, hakiombi msaada.

Sehemu nyingi kazi ya mikono hufanywa na kamati za wenyeji: jembe, pauro, toroka la kubebea udongo, kuzibua mifereji ya pembeni. Ulizeni chefu wa kijiji kamati yenu ni ya nani, nani analipwa, na kuna mama wangapi ndani. Ulizeni pia nani anashika ufunguo wa bariyeri usiku. Mifereji huzibuliwa Septemba, kabla mvua hazijaanza.