Njaa haimufundishe kila mutoto

Wengi wetu tulikomaa na maneno haya: "Mutoto akikataa chakula, mumuache. Njaa itamufundisha." Nkambo yangu alisemaka vile, mama yangu vilevile, na mimi mwenyewe, pamoja na diploma yangu yote, nilimuambia dada yangu vile.

Mutoto wake alikuwa na miaka mine. Alikuwa anakula bukari nyeupe ya mahindi, mikate ya kukaanga na chai ya sukari, basi. Ndagala hapana. Sombe hapana. Mafuta ya mawese yakigusa bukari yake, anasukuma sahani yote. Kisha unga ya mahindi ikapanda bei, dada akachanganya na ya muhogo, sawa vile nyumba nyingi za kwetu zinafanyaka, kuanzia Moba-Port mpaka kule juu Kirungu. Mutoto akanusa, akaacha. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya pili tulimupiga, na hiyo naiandika kwa haya. Siku ya tatu alikuwa amelegea, hata kusimama kulimushinda. Na bukari ilikuwa pale karibu naye wakati wote.

Tulimupeleka kwenye kituo kimoja cha afya. Wakamufunga ule mukanda wa rangi kwenye mukono: kijani. "Hana utapiamulo, mama. Mumemudekeza tu." Ni baadaye sana, Kalemie, ndipo daktari mumoja alitaja neno otisimu mbele yetu.

Mukanda ule siutukane. Umeokoa watoto wengi. Unapima mukono wa juu wa mutoto wa miezi 6 mpaka 59: chini ya milimita 115 ni nyekundu, yaani utapiamulo mukali, kutoka 115 mpaka kukaribia 125 ni njano. Katika inchi ambamo uchunguzi wa EDS wa 2013-2014 ulikuta watoto 43 kwa 100 wa chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao, tunauhitaji. Lakini mukanda unajibu swali moja tu: je, mutoto amekonda? Hauulize anakula nini. Bukari na sukari vinaweza kujaza mukono vizuri, kumbe ndani ya mwili madini ya chuma, vitamini A na vitamini C vimepunguka. Madaktari wa inchi zingine wameandika juu ya watoto wenye otisimu waliofika hospitali wakichechemea ao wakikataa kutembea. Wanapimwa mifupa, wanapimwa damu, mwisho inaonekana ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, ule uliouaka mabaharia wa zamani. Na kati yao kuna wenye kilo za kawaida kabisa.

Jambo lenyewe si jipya. Mwaka wa 1943, Leo Kanner alipoeleza watoto 11 huko Marekani, tayari aliandika kwamba kadhaa kati yao walisumbua kwa kula tangu uchanga. Na mwaka wa 2013, William Sharp na wenzake waliunganisha masomo mengi, wakakuta watoto wenye otisimu wana shida ya kula karibu mara tano kuliko wengine. Ukuaji wao haukuachana sana na wa wenzao, lakini protini na kalsiamu walizokula zilikuwa chini. Soma tena hapo. Balansi inasema sawa, sahani inasema hapana.

Sababu? Mingi inatoka kwenye hisi. Harufu, rangi, namna kitu kinavyoteleza mudomoni, kwa mutoto huyu vinakuja na nguvu nyingi. Kwake sombe ni sawa mimi na wewe tulazimishwe kutafuna sabuni. Tena wamoja hawasikie njaa vizuri kama sisi, ndiyo sababu ile dawa ya nkambo haifanye kazi. Wengine wana shida tofauti: mutoto asiyetulia anasimama mara kumi mbele ya kumaliza tonge, na methylphenidate, dawa yake, inapunguza hamu. Valproate ya kifafa na risperidone mara nyingi zinafanya kinyume, kilo zinapanda. Na mutoto anayekohoa kila mara akimeza, huyo hachague chakula. Kumeza kwenyewe ndiko shida, apelekwe kwa munganga. Hata jino bovu ao choo kigumu kinaweza kufunga mudomo wa mutoto, kwa hiyo uanzie hapo.

Sisi tulichukua kaye ya shule, tukaandika kila kitu alichokula siku saba. Hapo nikaona kitu ambacho macho yangu yalikuwa hayajaona: vingi alivyokubali ni vikavu, bila harufu kali, bila kuchanganywa, na anapenda nyeupe. Tukatafuta majirani ya bukari. Yai la kuchemsha, ule upande mweupe tu. Kisha pera lenye nyama nyeupe, limemenywa, maana pera lina vitamini C nyingi. Kumufichia kitu ndani ya bukari tulikataa. Akigundua, anaweza kuacha na hiyo bukari, na utabaki na nini? Unga ya mahindi yake tuliitenga, hata kama jirani alisema tunalisha mulozi.

Yai lilikaa kwenye sahani ndogo pembeni karibu wiki tatu. Hakuna aliyemuambia "kula". Aliligusa, akalilamba, akatema, siku moja akameza. Pera lilichukua muda zaidi. Kiini cha yai bado, mawese bado vita.

Sasa ana miaka sita, mukanda haumupime tena. Kaye tunaendelea nayo. Ndagala moja iko kwenye sahani ndogo tangu mwezi uliopita, kila siku mupya. Juzi aliigusa na kidole, akanusa kidole, akaenda kucheza.