Mabwawa na Usalama wa Watu Wakaao Bondeni

Mkulima ajuaye taabu ya kiangazi ajua pia thamani ya bwawa. Maji ambayo yangepita bure wakati wa masika huwekwa akiba, na miezi ya jua kali ifikapo, ng'ombe hunywa na mboga hunyweshwa. Lakini maji yaliyokusanywa nyuma ya tuta la udongo ni mzigo mzito. Pipa la meta moja kwa urefu, upana na kina, likijazwa maji, lina uzito wa kilo 1,000; na bwawa la kiasi tu laweza kuchukua mapipa kama hayo 100,000. Kadiri maji yanavyopanda, ndivyo tuta linavyosukumwa kwa nguvu zaidi.

Tuta likibomoka, mwenye bwawa hupoteza maji yake, lakini wakaao bondeni waweza kupoteza nyumba, mifugo na hata maisha yao. Wao hawakulijenga bwawa hilo, na pengine hawajapata kuliona. Kwa sababu hiyo sheria haimwachii mwenye bwawa peke yake kuamua kama tuta lake ni imara.

Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, katika masika yaliyokuwa na mvua nyingi kupita kawaida, bwawa la Patel huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilibomoka. Bwawa hilo lilikuwa katika shamba la watu binafsi, mahali palipoinuka. Maji na matope yaliviangukia vijiji vya chini, watu wakiwa majumbani mwao. Watu zaidi ya 40 walikufa, miongoni mwao watoto wengi. Baada ya msiba huo Serikali iliagiza mabwawa mengine yakaguliwe.

Nchi nyingine pia zimejifunza kwa msiba. Tarehe 2 Novemba, 1925, huko Wales, ukuta wa bwawa la Eigiau ulipenywa na maji kwa chini. Maji hayo yaliteremka yakalijaza bwawa la pili, Coedty, nalo likabomoka, na watu 16 wa kijiji cha Dolgarrog wakafa. Mwaka 1930 Uingereza ilitunga sheria ya usalama wa mabwawa, ikataka mabwawa makubwa yakaguliwe na mainjinia wasiopungua daraja maalum la ujuzi. Sheria ya mwaka 1975 iliyofuata iliamuru ukaguzi wa namna hiyo usikose kufanywa angalau mara moja kila miaka 10.

Je, tuta la udongo hubomokaje? Njia zilizo kuu ni mbili. Ya kwanza ni maji kupita juu yake. Udongo uliopandwa majani waweza kustahimili mvua, lakini hauwezi kustahimili mto upitao juu yake. Huchimbwa upesi mpaka tuta lote likakatika. Ndiyo maana kila bwawa sharti liwe na mkondo wa kando wa kutolea maji ya ziada, wenye upana wa kutosha kwa gharika kubwa, wala si kwa mvua ya kila siku tu. Mkondo huo ukizibwa kwa magogo au mchanga, au mtu akiuinua ili apate maji mengi zaidi, tuta huwa hatarini.

Njia ya pili ni maji kupenya ndani ya tuta. Mizizi ya miti, mashimo ya panya na fuko, na udongo usioshindiliwa vizuri huyapa maji njia. Maji machache na meupe yatokayo chini ya tuta huenda yasiwe na hatari kubwa, ingawa yafaa kuangaliwa. Lakini yakitoka yenye tope, maana yake ni kwamba yanauchukua udongo wa ndani, na shimo linakua kila saa.

Katika Kenya, Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yamtaka mtu anayetaka kuzuia maji ya mto kwa bwawa apate kwanza kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kanuni za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa katika madaraja matatu. Kwa kina cha maji, daraja la kwanza halifiki meta 5, la pili halifiki meta 15, na la tatu ni la meta 15 na zaidi. Bwawa la Masinga katika mto Tana, lililomalizika mwaka 1981, lina ukuta wa meta 60 hivi. Hata hivyo udogo wa bwawa si dhamana ya usalama, ikiwa kijiji kimo chini yake.

Tuta huzeeka kila mwaka. Mwenye bwawa hana budi kukata vichaka juu ya tuta, kuziba mashimo na kusafisha mkondo kabla ya masika. Naye jirani aonaye ufa, tuta lililodidimia, au maji ya tope yakitoka chini yake, asingoje asubuhi. Na awaonye wakaao bondeni wahamie mahali pa juu, kisha apeleke habari upesi kwa chifu na kwa ofisi ya Mamlaka iliyo karibu.