Simbi Inang'aa, Chaza Ana Ukoga

Chiwata iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Masasi, na bahari iko mbali. Lakini simbi za baharini zimezoea safari. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizisomba kwa shehena kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, zikatumika kama fedha. Shika moja, hata ukiwa Chiwata: inateleza kama sahani mpya. Sasa shika gamba la chaza aliyebanduliwa mwambani Mikindani. Lina mabaka ya waridi, vitundu kama vya sindano na vijichuguu vyeupe vinavyokwaruza vidole. Maji ni yale yale. Kwa nini mmoja ana ukoga na mwingine hana?

Mwambani nafasi ni haba, na gamba la jirani ni jiwe kama jiwe jingine. Vile vijichuguu ni nyumba za jamaa wa kaa na kamba. Anapokuwa mchanga, kiumbe huyu huogelea. Akifika kwenye gamba hutembea juu yake kwa papasi akilipima, kisha hujigandisha kichwa chini kwa gundi yake mwenyewe, wala hahami tena hadi kufa. Maji yakijaa hufungua mlango wa juu, akachota chakula kwa miguu. Mwanasayansi Charles Darwin aliwachunguza kwa miaka 8, kuanzia 1846.

Yale mabaka ya waridi ni mwani unaojijengea chokaa. Vitundu vingine ni vya sponji. Wapo pia bakteria wasioonekana kwa macho, wanaoyeyusha chokaa na kuishi ndani ya gamba lenyewe. Hao hulidhoofisha. Hata hivyo, watafiti Afrika Kusini waligundua kwamba kome waliotobolewa hivyo hupauka, na jua likiwaka maji yakiwa yamekupwa, miili yao haipati joto kama ya wenzao. Kumwita bakteria huyo mnyonyaji tu ni kumwonea.

Simbi hana haja ya mpangaji. Nyama yake laini hutoka pande mbili za mdomo wa gamba, ikalifunika lote kama kanga, ikilipaka tabaka jipya la kung'aa. Hakuna kichanga anayepata pa kukanyaga. Akifa, kanga huanguka, na gamba likibaki baharini huanza kuota ukoga kama la chaza.

Mchana simbi wengi hujificha chini ya mawe. Ukishuka Mtwara wakati wa bamvua, ukapindua jiwe kuwatazama, lirudishe ulivyolikuta: walio upande wa chini hawalihimili jua.