Kisukari cha mimba: Kopo la virutubisho si mbadala wa tiba

MJAMZITO anapoelezwa kliniki kuwa sukari yake imepanda, ushauri wa mitaani humfikia mapema kuliko wa daktari: unga wa mlonge, maji ya uwatu, au kopo la virutubisho la bei ya kutisha.

Kisukari cha mimba hutokana na homoni za kondo la nyuma, ambazo huidhoofisha insulini. Kongosho lisipomudu kuzalisha insulini ya ziada, sukari hubaki katika damu na kumfikia mtoto, ambaye hunenepa kupita kiasi na huweza kuishiwa sukari ghafla baada ya kuzaliwa. Kipimo hufanywa kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na 28, kwa kuwa mara nyingi mama haoni dalili yoyote.

Kirutubisho kilichowavutia sana watafiti ni mayo-inositoli. Majaribio ya Italia, likiwamo lililochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kuwa wanawake waliotumia gramu 4 kwa siku tangu mwanzoni mwa mimba waliugua kwa uchache. Hata hivyo, majaribio hayo yalikuwa madogo, tena yalihusu kinga. Aliyekwisha kuugua ni suala jingine.

Vidonge vya bakteria rafiki ndivyo vilivyovunja moyo zaidi. Nchini Australia, utafiti wa wanawake 411 wenye uzito mkubwa, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kisukari kwa asilimia 18.4 ya waliovimeza, dhidi ya asilimia 12.3 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha madhara, lakini faida haikuonekana. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021 yalionya pia kuwa huenda vikaongeza hatari ya shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba.

Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki visiachwe, ingawa kazi yake si kushusha sukari.

Tiba huanzia sahanini: ugali au wali upunguzwe, maharage na mboga za majani ziongezwe, soda iachwe, na mama atembee kila siku. Sukari isiposhuka, daktari huongeza metformini au insulini. Anayechomwa insulini kisha akachanganya na mitishamba kwa siri anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzirai.

Baada ya kujifungua, mama hupimwa tena kati ya wiki ya 6 na 12.